Chakula cha Marehemu Padamlal

Narmada Khatiwada alikuwa mfukiaji popoo. Kazi hiyo ilimlisha, ikamsomeshea mwanawe, na ikawafanya majirani wasipende kukaa upande wa upepo unaotoka uani kwake. Popoo mbichi huchimbiwa shimo, zikafunikwa kwa nyasi na udongo, zikaachwa humo mpaka ganda lioze na kokwa ilainike. Siku ya kufukua, mama wee, hata mbwa huhama. Lakini watu wa milimani wanaoshuka Gelephu wakati wa baridi kuota jua hawataki popoo nyingine. Wanaifunga kwenye jani la tambuu na chokaa kidogo, wanaitia mdomoni, jasho linawatoka kwenye paji la uso, wanafumba macho kwa raha. Narmada aliwatazama akacheka. "Nyie ni watu wa ajabu," alikuwa akiwaambia. "Mnanilipa ili mle kilichooza."

Alicheka mara chache, kwa hiyo wateja walimpenda zaidi siku alizocheka. Alikuwa mwembamba, mwenye mgongo ulionyooka, mjane asiyevaa nyekundu wala ushanga.

Mji wetu, Gelephu, umelala kwenye tambarare, pale milima inapoishia na India inapoanza. Barabara zake zingetosha kupitisha ndovu watano sambamba, na wakati wa kuiva mpunga ndovu hupita kweli. Kati ya nyumba moja na nyingine kuna viwanja vitupu, vimejaa magugu na mipopoo mirefu isiyo na mwenyewe. Mgeni hudhani ni viwanja vinavyosubiri kujengwa. Sisi tunajua vilikuwa vimejengwa, na tunajua jiko la nani lilikuwa wapi, ila hatuna tabia ya kulisema jambo hilo barabarani.

Mwaka ule wa kuondoka, watu wetu wa kusini wanaosema Kinepali walivuka lango la mpaka kwa malori na kwa miguu. Wengine walifukuzwa, wengine walikimbia, na wengine waliondoka kwa sababu tu waliamka asubuhi wakakuta jirani hayupo. Padamlal, mume wa Narmada, hakuwa kwenye fungu lolote kati ya hayo. Kaka yake mkubwa ndiye aliyekuwa amevuka, akamchukua mama yao mzee, na Padamlal alisema anawafuata amrudishe mama. Alisema wiki moja. Alikunywa chai akiwa amesimama, akambusu mtoto wao Khem ambaye hata kutambaa alikuwa hajaanza, akachukua mwavuli akaenda. Narmada alikasirika kuhusu ule mwavuli, kwa sababu walikuwa nao mmoja tu na masika yalikuwa yanakaribia.

Hakurudi. Kaka mtu alileta ujumbe kutoka kambi za Nepal kwamba Padamlal hakufika kwake. Watu wakakisia: ndovu, majambazi wa msituni, mto. Narmada hakukisia kitu. Aliendelea kupaka unga mwekundu kwenye mpasuo wa nywele zake kila asubuhi, ile alama ya mke mwenye mume hai, na kila jioni aliacha mlango bila komeo.

Ndipo kikohozi kikaanza.

Padamlal alikuwa na kikohozi chake, kifupi, mara mbili, hata akiwa hana mafua. Ilikuwa tabia tu, kama mwingine anavyojikuna kidevu. Miaka kadhaa baada ya kupotea kwake, Narmada alianza kukisikia kisimani giza linapoingia. Alitoka na taa, akakuta ndoo na kamba. Akarudi ndani, akakisikia tena. Mwanzoni alifurahi, na hilo hakumwambia mtu. Alikuwa akikaa kizingitini akikisikiliza huku akimenya vitunguu, na kwa muda ule alihisi nyumba ina watu wazima wawili. Lakini kikohozi kikaanza kuwa kikavu, kikawa cha kuomba. Mtoto akawa haongezeki mwili. Ng'ombe akaharibu mimba. Akaenda kwa pandita Homnath, mzee wa ibada aliyewaoza yeye na mumewe.

"Anakohoaje?" pandita aliuliza.

"Kama mtu mwenye njaa."

"Tangu alipoondoka hajaonekana? Hajasikika? Miaka kumi na miwili imetimia?"

"Imetimia mwezi uliopita."

Pandita alikuwa mtu mpole, na hakupenda kuyasema mambo haya. "Basi mwanangu, unamtesa. Amekufa huko hakuna aliyemchoma, hakuna aliyempa hata tone la maji. Anazunguka. Kwetu mtu akipotea miaka kumi na miwili, tunamtengenezea mwili, tunauchoma, anapata njia. Hatumuui. Tunamfungulia."

Wakamtengeneza Padamlal kando ya mto Mau. Majani ya kusha, nyasi zetu za ibada, yalisokotwa yakawa mikono na miguu, nazi ikawa kichwa. Wakamvika shati lake, lile la harusi ya shemeji. Khem, kichwa kimenyolewa upara, alipewa moto autie mdomoni mwa nazi. Wanawake walizivunja bangili za Narmada kwa jiwe, wakaukata ushanga wake wa ndoa, wakamfuta ule unga mwekundu. Alitazamiwa alie. Hakulia, kwa sababu alikuwa ametega sikio, na pale mtoni hakusikia kitu ila nazi ikipasuka.

Jioni ile kisima kilikuwa kimya. Na kesho yake, na kesho kutwa. Wengine wangesema afadhali. Narmada alikaa kizingitini mpaka vitunguu vikamwisha, na hapo ndipo alipoelewa kwamba yeye ni mjane, tena kwa kutaka mwenyewe.

Tangu mwaka ule, kila tarehe ile ya kuchoma nyasi ilipofika, Khem alioga, akafunga, akamlisha baba yake: madonge ya wali yenye ufuta na asali, maziwa, halafu sahani ya vyakula alivyovipenda marehemu. Sahani hiyo Narmada aliipika mwenyewe, na hakuruhusu mtu amsaidie. Mboga chungu zilizokaushwa juani, achari ya figili, mikate ya mduara iliyokaangwa kwa samli. Alikuwa akichelewa kulala akiandaa, akiongea peke yake jikoni kwa sauti ya chini, akigomba kuhusu mambo ya miaka hiyo yote. Mwavuli ulitajwa pia. Wale wasiompenda walisema amepungukiwa. Mimi nasema alikuwa na siku moja ya ndoa kwa mwaka, na wapo wenye waume ndani ya nyumba wasio na hata hiyo.

Jirani yake alikuwa Bi Lhadon, mwanamke wa milimani, mnene, mcheshi, aliyepewa kiwanja na nyumba ya watu walioondoka. Alikuwa akiona haya kuhusu nyumba hiyo, na haya yake aliitoa kwa kelele.

"Narmada, leo tena wamefagia!" alipiga kelele kupitia ua asubuhi ya Jumapili moja, miaka mingi baadaye. "Nimesikia ufagio uani, shwa, shwa, alfajiri. Nimetoka, hakuna mtu, na uani pachafu vilevile. Mizimu gani hii isiyojua kazi?"

"Hao si mizimu. Wenye nyumba wako Marekani, wanakaanga kuku dukani kwa watu. Mtoto wao alimpigia Khem juzi."

"Basi ndiyo mbaya zaidi! Mfu nitamfukizia ubani, atakwenda. Mtu aliye hai nimfukuze na nini?"

"Mpe chai," Narmada alisema, na wote wawili wakacheka, wakabeba vikapu vyao kwenda gulioni.

Ulikuwa msimu wa machungwa. Wakati wa baridi, gulio la Jumapili hujaa watu wa pande zote mbili, kwa maana asubuhi lango hufunguliwa na watu wa Assam huingia kwa kibali cha siku moja, na jioni hurudi kwao. Narmada alikuwa amepiga magoti akipanga popoo zake kwenye gunia. Khem alikuwa kwenye bohari ya machungwa, anapakia. Mkewe alikuwa amekwenda kwao kujifungua, na Narmada alikuwa na furaha ya siri siku zile, ile ya mtu anayesubiri mjukuu na hataki kuitaja asije akaitia kijicho.

"Ya shimoni unayo, dada?" mtu akauliza juu yake.

Narmada aliinua macho mpaka kwenye sikio la mtu yule, akaishia hapo. Sikio la kushoto lilikosa ncha. Fahali mmoja alilichana kwa pembe mwaka wa kwanza wa ndoa yao, na ni yeye Narmada aliyelifunga kwa kitambaa na manjano, huku mwenye sikio akilia kama mtoto na kumwapisha asimwambie mtu.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kutazama miguu. Miguu ya mzimu hutazama nyuma, hilo kila mtu wa kwetu analijua. Miguu ile ilitazama mbele. Ilikuwa ndani ya ndala za bluu, visigino vimepasuka, kucha moja nyeusi. Na mtu yule alikuwa na kivuli, tena kilikuwa kimeangukia gunia.

"Ondoa kivuli chako kwenye popoo zangu," Narmada alisema. Ndiyo maneno aliyoyapata.

Mzee yule alisogea hatua moja pembeni, kwa utii. Akakohoa, mara mbili.

"Nani huyo?" Bi Lhadon aliuliza kutoka gunia la pili.

"Mteja."

"Mbona umepauka?"

"Jua."

"Jua la wakati wa baridi? Haya." Bi Lhadon alimkagua mgeni kutoka kichwani mpaka kwenye ndala, akageuka akajitia kupanga jibini yake. Alikuwa mpiga domo lakini hakuwa mjinga.

"Nishikie hapa," Narmada alimwambia. Kwa yule mtu akasema, "Nyuma yangu. Usinikaribie."

Wakaenda hivyo, yeye mbele, mume wake nyuma kwa umbali wa mtu na deni lake, katika ile barabara pana isiyo na pembe ya kujificha. Watu walimsalimia, naye aliwajibu. Na kichwani, Mungu amsamehe, tayari alikuwa anapika.

Kwa maana njia ilikuwepo. Pandita Homnath alimwambia siku ile ile ya mtoni, kwa kumtuliza: aliyechomwa kwa nyasi akirudi mzima, hawezi kuingia tu nyumbani na kuketi, kwa sababu ni mfu, na mfu akila jikoni huondoka na mmoja wa nyumba ile. Lazima azaliwe upya. Hufungwa kwenye blanketi kama kichanga, huogeshwa kwa maziwa na samli, hupewa jina siku ya kumi na moja, huvishwa tena uzi wa ibada, kisha huoana na mke wake kwa mara ya pili, mbele ya moto, na watu wote wakatazama. Narmada alijiona amevaa nyekundu katika umri ule, mvi zimefunikwa, na Bi Lhadon akipiga vigelegele vya kimilimani visivyofanana na vigelegele. Watacheka, alijisemea. Acha wacheke. Samli atakopa. Khem atakasirika kwanza, halafu atambeba baba yake kwenye blanketi, na kabla ya mwezi kwisha mtoto atazaliwa akute babu aliyezaliwa kabla yake kwa wiki mbili. Karibu acheke peke yake njiani.

Alimkalisha barazani, si ndani. Akamletea maji, akayamimina kutoka juu bila birika kumgusa. Mzee alikunywa kwa kukinga viganja. Alikuwa amekonda, macho yamefifia, na chini ya mikunjo ile yote alikuwa Padamlal kabisa.

"Nilidhani utapiga kelele," alisema.

"Sijamaliza kufikiri. Sema ulikuwa wapi."

Akasema. Alivuka, na siku ya pili yake akasikia kwamba walioondoka hawarudishwi. Aliogopa. Alisema neno hilo waziwazi, na Narmada alimheshimu kwalo kidogo. Akashuka kwenye machimbo ya makaa huko milima ya Meghalaya, akakaa chini ya ardhi miaka. Kila mwaka alisema mwakani. Halafu akaona aibu ya kurudi imekuwa kubwa kuliko hofu. Akapata cheti cha India kwa jina la mtu mwingine. Akahamia mji mmoja wa reli, mama mmoja mwenye kibanda cha chai akampa kazi.

"Na kitanda," Narmada alisema.

"Na kitanda. Tuna mabinti wawili."

Kuku walipita uani. Narmada aliwatazama mpaka wakamaliza kupita. Ile nyekundu aliyokuwa ameivaa kichwani aliivua taratibu, pasipo mtu kujua kwamba aliivaa.

"Kwa hiyo umekuja kufanya nini, baba Khem?"

Padamlal aliweka mikono magotini. "Naumwa," alisema. "Kila mwaka, siku zilezile, masika yanapoanza. Tumbo linajaa sijala kitu. Siwezi kumeza hata mate. Nasikia harufu ya samli inaungua, na baridi inanishika, ya kwenye mifupa. Ilianza mwaka mmoja ghafla, nilianguka barabarani, nikahisi mdomo unawaka moto. Hospitali wamenipima kila mahali, hawaoni kitu. Mwaka huu nilikaribia kufa. Mke... yule mama akanipeleka kwa mpiga ramli. Akatupa mchele wake, akanitazama, akasema: wewe kuna mtu anakulisha kama mfu. Nenda kamwambie aache."

Narmada aliweka birika chini.

"Unashiba?" akauliza.

"Nini?"

"Siku hiyo. Unashiba?"

"Narmada, nashiba mpaka natapika."

Basi kilikuwa kinafika! Miaka yote ile alikuwa akiipeleka sahani kandokando ya mto, kunguru wakija kuila, na njiani kurudi akijiuliza kama kuna mtu upande wa pili au anawapikia ndege. Kilikuwa kinafika. Furaha ilimjaa kifuani kwa nguvu iliyomtia haya, akageuza uso asionekane. Kisha hasira ikaja nyuma yake, nayo haikuona haya.

"Achari ilikuwa na chumvi ya kutosha?"

"Usinidhihaki, tafadhali."

"Nakuuliza. Nilipika usiku kucha. Umesafiri mpaka hapa, umelipa nauli, umevuka lango ulilokuwa unaliogopa, si kuja kwangu. Umekuja kuniambia nisikupikie."

"Nakufa, mama Khem. Nina mabinti. Mdogo bado yuko shule."

"Mwanao wa kiume naye alikuwa shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kichwa upara, na kijinga cha moto mkononi." Alijifuta uso kwa upindo wa shali. "Sikiliza. Anayekulisha si mimi. Mimi napika tu. Anayekuita kwa jina na kukumiminia maji ni Khem. Na Khem hawezi kuacha, ni dhambi kwa mtoto kuacha kumlisha baba yake, labda baba awe hai. Kwa hiyo lazima ajue kwamba uko hai."

"Utamwambia. Nikishaondoka."

"La."

"Narmada."

"La, nimesema. Miaka yote nimemwambia: baba yako alikwenda kumleta mama yake, akafia njiani, mtu mwema. Sasa nimwambie alikuwa anauza chai? Hiyo kauli si yangu. Anakuja kula sasa hivi. Utakaa hapohapo ulipo, utamwambia kwa mdomo wako: mimi ni baba yako. Ukishasema hayo, nenda. Sitakushika. Rudi kwa mabinti zako, na tangu leo hakuna atakayekulisha, nakuapia kwa mjukuu wangu. Neno moja tu, baba Khem. Ni bei ndogo."

Padamlal alitikisa kichwa kukubali. Alitikisa mara nyingi, kama mtu anayejipa moyo.

Pikipiki ikaingia uani, na Khem akashuka, mrefu, mabega mapana, harufu ya machungwa mwili mzima. Alipomwona mzee alikunja viganja kifuani.

"Shikamoo baba. Karibu. Mama, mgeni umempa maji tu? Hata chai?"

"Nimemletea kutoka sokoni. Ana jambo na wewe."

"Kazi?" Khem aliketi kwenye ngazi, akavua viatu. Alikuwa na tabia ya kuwaheshimu wazee, na hasa wazee maskini. "Bohari wanataka wapangaji, baba, si wabebaji. Kazi ya kukaa. Naweza kusema na mnyapara."

Padamlal alimtazama. Akafungua mdomo, na macho yake yakateleza kupita bega la kijana, yakaingia ndani kwa mlango uliokuwa wazi, mpaka ukutani. Pale ilikuwepo picha, iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho cha zamani, shada la maua ya njano limeizunguka kama ilivyo desturi kwa waliokufa.

Khem aligeuka kuona anatazama nini. "Huyo ni marehemu baba," alisema kwa wema. "Simkumbuki hata kidogo. Lakini namlisha kila mwaka. Mama anasema alikuwa mlafi, kwa hiyo sahani yake lazima ijae mpaka imwagike. Si ndiyo, mama? Wenzangu wenye baba hai wanagombana nao kila siku kuhusu mashamba. Mimi na wangu hatujawahi kukosana." Akacheka.

Narmada alisimama kando ya nguzo ya baraza. Aliishika nguzo ile. Sema, alimwambia kwa macho. Mwanaume wewe, sema.

Mzee alikohoa.

"Nimechelewa," alisema. "Wanafunga geti."

Jua lilikuwa utosini. Lango lilikuwa na nusu siku nzima kabla ya kufungwa, na Khem alilijua hilo, lakini mgeni aliye mzee hasahihishwi. "Basi ngoja nikufikishe, baba. Kwa miguu ni mbali kwa ndala hizo." Akavaa viatu vyake tena, na chakula hakuwa amekigusa.

Padamlal alipanda nyuma ya pikipiki. Hakujua ashike wapi, na Khem akachukua mikono yake, akaizungushia kiunoni mwake mwenyewe. "Shika hapo. Usiogope." Wakatoka. Narmada aliwafuata mpaka barabarani. Kwa vile barabara yetu imenyooka na ni pana, aliweza kuwaona kwa muda mrefu, mgongo wa mwanawe na mgongo wa mumewe, wakipungua. Bado kuna njia yote ile, aliwaza. Atasema njiani. Kwenye upepo, bila kutazamana usoni, hata mwoga anaweza. Alisimama pale mpaka pikipiki iliporudi na mtu mmoja.

"Amesema nini?" aliuliza kabla Khem hajazima injini.

"Nani, mzee? Hakusema kitu cha maana. Tulipofika geti alinishika kichwa, hivi, akanibariki. Nikamuuliza ile kazi anaitaka? Akasema mji wenu una nafasi kubwa. Basi, akavuka." Khem alishuka. "Maskini. Alikuwa anatetemeka mgongoni kwangu njia nzima. Nani yule, mama?"

"Mpita njia," Narmada alisema. "Nawa mikono, ule."

Akampakulia mwanawe, akamtazama akila, akaosha vyombo. Kisha akajifunga shali nyeupe akaenda kwa pandita Homnath, ambaye siku hizi alikuwa mzee sana, haoni vizuri, anakaa juani kwenye kiti cha plastiki na chupa ya maji ya moto mapajani.

"Pandita, nataka tubadilishe tarehe ya baba Khem."

"Kwa nini? Tulichukua siku ya kuchoma nyasi kwa sababu ya kufa hatukuijua."

"Sasa naijua. Amekufa leo, mchana, juu ya pikipiki ya mwanawe."

Mzee aligeuza uso wake kumtafuta. Yeye ndiye aliyeisokota ile mikono ya nyasi na kuifunga nazi, na alianza kuelewa.

"Mwanangu," alisema polepole. "Tulimchoma mtu mzima?"

"Tulimchoma."

"Basi kuna njia. Usilie, kuna njia! Maziwa, samli, blanketi. Nimeifanya mara moja maishani, bado naikumbuka yote. Mlete kwangu, tumzalishe upya."

"Nilitaka, pandita," Narmada alisema, na sasa alikuwa analia kweli, kwa sauti, kama ambavyo wanawake walimsubiri alie siku ile mtoni. "Nilimweka mbele ya mwanawe nikamngojea. Hakutaka kuzaliwa."

Pandita alimwacha alie mpaka akachoka. Baadaye akainua mkono wake, akahesabu siku ya mwezi kwa kidole gumba kwenye pingili za vidole, akarudia tena kuhakikisha, akamtajia tarehe mpya.